Charles Dow hakuandika kitabu

Mwishoni mwa juma lililopita nilikuwa nyumbani Nkubu. Mvua ya vuli ilikuwa imeanza, na barabara ya kwenda kwa dada yangu ilikuwa na utelezi ambao wenyeji wa Imenti Kusini wanaufahamu vyema. Nilipofika nilimkuta mpwa wangu, kijana aliyehitimu chuo miaka miwili iliyopita na ambaye hajabahatika kupata ajira, ameketi barazani akiwa amezungukwa na vitabu. Kwa mtu wa kazi yangu ni nadra kukutana na jambo la kufurahisha kuliko hilo.

Furaha yangu ilipungua nilipovifunua. Vilikuwa vitabu vya kufundisha namna ya kusoma michoro ya bei za hisa. Kurasa zake zilijaa mistari inayopanda na kushuka, mishumaa ya Kijapani, vichwa na mabega, pembetatu na bendera. Baadhi vilikuwa nakala za fotokopi zilizofungwa kwa uzi. Mpwa wangu alinieleza kwamba amevisoma kwa miezi minane, usiku na mchana, na kwamba sasa yuko tayari kuingia sokoni. Kilichosalia ni mtaji. Jioni dada yangu alinidokezea jikoni mtaji huo ungetoka wapi. Ungetoka katika bonasi ya majani chai, fedha zinazolipwa mara moja kwa mwaka, ambazo katika nyumba ile, tangu shemeji yangu alipofariki, zina kazi yake maalumu, yaani karo ya kitindamimba.

Dada alinitaka nimkanye. Niliona haya. Mwaka wa 2008, wakati nchi nzima ilipopanga foleni kununua hisa, mimi pia nilichukua mkopo nikanunua hisa za kampuni ambayo sitaitaja, nikazishika huku zikiporomoka, kisha nikaziuza zilipofika chini kabisa. Sikuwa nimesoma kitabu hata kimoja. Mtu wa namna hiyo atamkanyaje kijana ambaye angalau amesoma? Basi badala ya kumkanya nilimsimulia maisha ya mtu ambaye jina lake limo katika sura za kwanza za karibu kila kitabu alichokuwa nacho. Nayarudia hapa kwa kuwa ninajua mpwa wangu hayuko peke yake.

Charles Henry Dow alizaliwa tarehe 6 Novemba 1851 huko Sterling, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani. Baba yake alikuwa mkulima, na alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka sita. Ardhi ya sehemu ile ni ya mawe, wala haimtajirishi mtu. Kijana Dow alifanya vibarua vya kila aina na hakupata elimu ya juu. Nilipofika hapo niliona mpwa wangu ameweka kitabu chini, kwani yeye pia alimpoteza baba angali mdogo, na shamba lao halizidi ekari mbili.

Mnamo 1872 Dow alipata kazi katika gazeti la Springfield Daily Republican, jimbo la Massachusetts, chini ya mhariri aliyesifika sana wakati huo, Samuel Bowles. Bowles aliwafundisha waandishi wake kuandika kwa ufupi, kwa uhakika na bila mapambo. Kutoka hapo Dow alihamia Providence, Rhode Island, na kufikia 1877 alikuwa katika gazeti la Providence Journal. Huko alijizoeza kazi ambayo wenzake waliiona ya kuchosha, yaani kupekua kumbukumbu za zamani na kueleza jinsi biashara fulani ilivyokua mwaka baada ya mwaka. Aliandika historia ya meli za mvuke zilizosafiri kati ya Providence na New York. Mtu huyu alifunzwa kwanza kuisoma historia ya biashara zenyewe, na mistari ya bei ilikuja baadaye sana.

Mwaka wa 1879 alitumwa Leadville, mji wa machimbo ya fedha katika milima ya Colorado, akifuatana na matajiri waliotaka kuweka mali zao huko. Safari ya garimoshi ilichukua siku nne, na katika siku hizo mwandishi kijana alipata nafasi ya kuwasikiliza wenye fedha wakizungumza. Aligundua kuwa watu hao wangelipa chochote ili wapate habari za kweli. Barua alizozituma gazetini zilieleza machimbo yenyewe, wachimbaji, kamari, ulevi, na watu waliotajirika kwa siku moja wakafilisika siku ya pili.

Muda mfupi baadaye akahamia New York. Novemba 1882, pamoja na Edward Jones na Charles Bergstresser, alianzisha kampuni ya Dow Jones katika chumba cha chini ya ardhi nyuma ya duka la soda na peremende, nambari 15 barabara ya Wall Street. Bergstresser, aliyebuni kalamu ya chuma iliyoandika nakala nyingi kwa mkupuo mmoja, jina lake halikuingizwa katika jina la kampuni, labda kwa sababu ni refu mno. Wanaisimu tunajua kwamba matamshi yameamua mambo makubwa kuliko hilo. Wavulana walizunguka na karatasi zile kutoka ofisi hadi ofisi siku nzima. Mwaka uliofuata walianza kutoa barua ya kila alasiri kwa wateja wao, na tarehe 8 Julai 1889 barua hiyo ikawa gazeti la kurasa nne lililouzwa senti mbili, The Wall Street Journal.

Msomaji akumbuke hali ya soko wakati huo. Kampuni nyingi hazikutangaza hesabu zao. Aliyekuwa karibu na wakurugenzi alijua, na aliyekuwa mbali alikisia. Dow, mtu mrefu, mwenye ndevu, mpole wa maneno na aliyeinama kidogo kama mwalimu wa chuo, alitaka mnunuzi wa mbali ajue angalau jambo moja, kwamba soko kwa jumla linapanda au linashuka. Hisa moja ikipanda huenda mjanja mmoja ameipandisha. Zikipanda nyingi kwa pamoja, hiyo ni habari nyingine. Hivyo tarehe 3 Julai 1884 alichapisha wastani wa bei za kampuni 11, na 9 kati ya hizo zilikuwa za reli, kwa maana reli ndizo zilizokuwa uti wa mgongo wa uchumi. Tarehe 26 Mei 1896 akatoa wastani mwingine wa kampuni 12 za viwanda: sukari, tumbaku, ngozi, gesi, makaa ya mawe na kadhalika. Alijumlisha bei 12 kwa penseli, akagawanya kwa 12, akapata 40.94.

Hesabu yenyewe mtoto wa darasa la nne anaiweza. Mpwa wangu alicheka nilipomwambia hivyo, kwani kompyuta yake inamchorea wastani wa aina 6 kwa pamoja na yeye hajawahi kukokotoa hata mmoja kwa mkono. Nilimwambia pia kwamba kabla ya miezi mitatu kupita tarakimu ile ilikuwa imeanguka hadi 28.48. Katika Agosti ya 1896 aliyeinunua siku ya kwanza alikuwa amepoteza zaidi ya robo ya mali yake. Kampuni ya mwisho kati ya zile 12, General Electric, iliondolewa katika orodha Juni 2018. Nyinginezo zilikwisha kufa, kumezwa au kubadili majina.

Hapa kwetu jambo kama hilo lilikuja baadaye. Soko la Hisa la Nairobi lilianzishwa 1954 kama chama cha madalali, na hadi uhuru ulipopatikana 1963 Waafrika na Wahindi hawakuruhusiwa kuuza wala kununua humo. Fahirisi ya kampuni 20 ilianza kukokotolewa 1964. Kwa hiyo michoro ya bei za Nairobi inayoweza kusomwa na mtu kama mpwa wangu ina umri usiozidi wa baba yake, ambapo vitabu alivyonavyo vimejengwa juu ya michoro ya New York ya zaidi ya karne moja.

Kati ya 1899 na 1902 Dow aliandika safu ya maoni katika gazeti lake. Humo ndimo lilimotoka lile linaloitwa leo nadharia ya Dow, na sehemu yake mashuhuri ni mfano wa bahari. Mtu akisimama ufuoni na kutaka kujua kama maji yanajaa au yanakupwa, huchomeka kijiti mchangani pale wimbi lilipofika. Mawimbi yakiendelea kukipita kijiti, maji yanajaa. Yakishindwa kukifikia na kurudi nyuma mara kwa mara, maji yameanza kupwa. Vivyo hivyo soko lina mwendo mkuu wa mwaka au zaidi, una mawimbi ya majuma au miezi ndani yake, na una viwimbi vya siku hadi siku ambavyo havina maana kubwa.

Sisi tuliozaliwa chini ya Mlima Kenya tunatatizwa na mfano huu. Masimulizi ya wazee wa Kimeru yanasema kwamba mababu zetu walitoka Mbwaa, mahali penye bahari, lakini tumekaa mlimani muda mrefu hata tukasahau tabia za maji. Nilimfafanulia mpwa wangu kwa msamiati wa Waswahili, ambao wana kujaa na kupwa, wana bamvua pale maji yanapojaa na kupwa kwa kishindo, na wana maji mafu pale tofauti inapokuwa ndogo. Akaniambia kwamba hilo la maji mafu halimo katika vitabu vyake. Nikamwambia kwamba soko la Nairobi, kwa kampuni nyingi, ni la maji mafu. Zipo hisa zinazoweza kupita siku kadhaa bila kuuzwa wala kununuliwa hata moja. Mchoro wake huwa mstari ulionyooka, kisha mtu mmoja anauza kidogo na mstari unaruka. Kitabu kitasema mruko ule ni ishara. Huenda ni mjane mmoja tu anayehitaji fedha za hospitali.

Sehemu nyingine ya mafundisho hayo, ambayo wafuasi wa Dow waliikuza baada yake, ni kwamba wastani wa viwanda na wa reli sharti vikubaliane. Kiwanda kinatengeneza, reli inabeba. Viwanda vikipanda bei ilhali reli zimelala, ina maana bidhaa zinarundikana mahali. Hilo mtu wa Nkubu analielewa bila kitabu. Kiwanda cha Kinoro kisingekuwa na heri yoyote kama lori halifiki katika kituo cha kununulia majani, na mkulima akiona lori halikuja siku mbili hahitaji mchoro kujua kwamba kuna tatizo.

Nafika sasa kwenye jambo lililonifanya nimchague Dow miongoni mwa wote. Dow hakuandika kitabu chochote juu ya michoro ya bei. Hakuiita nadharia, wala hakuiita yake. Mwandishi Samuel Nelson alimsihi akusanye makala zake awe na kitabu, naye hakukubali. Mwaka wa 1902 Dow aliuza kampuni kwa Clarence Barron, na tarehe 4 Desemba mwaka huohuo akafariki Brooklyn akiwa na umri wa miaka 51. Nelson ndiye aliyezichukua makala zake, akazitia katika kitabu chake kuhusu ulanguzi wa hisa na kuzipa jina la nadharia. Akaja William Peter Hamilton, mhariri wa gazeti lilelile, aliyeandika kitabu 1922. Akaja Robert Rhea, aliyekuwa mgonjwa wa kitandani huko Colorado, akaandika chake 1932 baada ya kupanga tarakimu za miaka mingi juu ya blanketi. Mnamo 1948 wakaja Robert Edwards na John Magee na kile kitabu kinene ambacho nakala yake ya fotokopi ilikuwa juu ya meza ya dada yangu.

Katika fani yangu kisa hiki tunakifahamu kwa jina jingine. Ferdinand de Saussure alifariki 1913 bila ya kuandika kitabu kinachomfanya asomwe duniani kote. Kiliandikwa na wenzake wawili kutokana na madaftari ya wanafunzi, kikachapishwa 1916. Tangu hapo wanaisimu tunabishana ni lipi alilolisema mwalimu na ni lipi lililotiwa na wakusanyaji. Nimewafundisha wanafunzi jambo hilo kwa miaka mingi, na sikufikiri kwamba ningelikuta tena barazani Nkubu, katika kitabu cha mishumaa.

Maana ukizirudia makala za Dow mwenyewe, utamwona mtu mwenye tahadhari nyingi. Kwake thamani ya kampuni ndiyo msingi, na bei hatimaye huifuata. Alieleza pia kwamba watu, wawe na mtaji mkubwa au mdogo, wangefanikiwa zaidi kama wangeichukulia biashara ya hisa kuwa njia ya kutafuta faida ya asilimia 12 kwa mwaka badala ya asilimia 50 kwa juma. Hilo aliliandika mwanzoni mwa karne iliyopita. Nilimwuliza mpwa wangu yeye alitarajia kiasi gani. Alisita, kisha akataja asilimia ambayo sitaiandika gazetini kwa heshima ya mama yake. Ilikuwa ya juma.

Haki inanidai niseme na upande wa pili. Hamilton, mfuasi mkuu, aliandika Oktoba 1929 kwamba maji yamegeuka, siku zilezile soko la New York lilipokuwa likianguka, na akafariki Desemba mwaka huo akiwa na sifa ya nabii. Alfred Cowles, tajiri aliyetaka kujua kama watabiri wanatabiri kweli, alizichambua makala zote za Hamilton tangu 1904. Katika mara 90 ambazo Hamilton alibadili msimamo, 45 alipata na 45 alikosa. Aliyemfuata angepata faida ya asilimia 12 kwa mwaka, na aliyenunua hisa na kulala angepata 15.5. Mpwa wangu alinyamaza. Lakini mwaka wa 1998 wachumi watatu, Brown, Goetzmann na Kumar, walizirudia makala hizohizo na kuonyesha kwamba Hamilton alikuwa nje ya soko kwa muda mwingi, kwa hiyo hatari aliyoibeba ilikuwa ndogo, na ukiipima faida pamoja na hatari hakuwa duni hata kidogo. Kwa hiyo sisemi kuwa vitabu vile ni upuuzi. Nasema tu kwamba aliyevipa jina aliishi kwa kuuza habari. Alipokuwa mwanachama wa soko la New York kwa miaka michache kuanzia 1885, kiti hicho alikishika kwa ajili ya biashara ya ushirika na Robert Goodbody, ambaye alikuwa hajapata uraia. Utajiri wake ulikuwa gazeti.

Ndani ya rundo lile kulikuwa na kitabu cha Jesse Livermore pia, mtoto mwingine wa mkulima, aliyesoma bei kuliko mtu yeyote wa zama zake. Alivuna mamilioni katika anguko la 1929, akafilisika 1934, akajiua Novemba 1940. Kitabu chake kilitoka mwaka huohuo wa 1940. Mpwa wangu alikuwa amekisoma chote bila kujua mwisho wa mwandishi wake, kwa sababu kurasa za mwanzo hazikufotokopiwa.

Tulizungumza pia juu ya kahawa. Julai 1975 baridi kali iliua mikahawa ya Brazil, na katika miaka miwili iliyofuata bei ikapaa. Marehemu baba aliniambia kwamba wakulima wa hapa hawakujua sababu, walichoona ni fedha tu, na wengi waliamini kwamba kahawa haitashuka tena. Mwaka wa 1989 mkataba wa kimataifa wa kugawana mauzo ulipovunjika, bei ikaanguka, na wapo walioing'oa mikahawa usiku kwa kuogopa sheria. Mpwa wangu alitaka kujua kama mchoro ungeonyesha anguko lile mapema. Sijui. Ungeonyesha, pengine, kwamba wimbi halikifikii kijiti tena. Baridi ya Brazil usingeionyesha.

Kuhusu bonasi, sikuamua mimi. Jumamosi usiku mama na mwana waliketi jikoni, nami nikaitwa kama shahidi. Walikubaliana kwamba karo italipwa yote kwanza, hadi muhula wa tatu. Kijana atapewa fedha za ndizi za mkungu mmoja kila juma, naye ataweka daftari la bei ya mkungu katika soko la Nkubu kila siku ya soko, pamoja na bei za hisa 12 za Nairobi atakazozichagua mwenyewe, na atajumlisha na kugawanya kwa kalamu. Hatanunua chochote kabla ya daftari kujaa. Yeye alilalamika kwamba daftari lina kurasa 200. Mama yake akamjibu kwamba alilinunua makusudi.

Jumapili nilipokuwa nikifunga mlango wa gari alikuja mbio akiwa na daftari mkononi. Alikuwa amechagua kampuni 11 na hakujua ya 12 iwe ipi. Alitaka ya chai, ila ile aliyoitaka haikuwa imeuzwa hata hisa moja tangu Jumatano, na akaniuliza aandike bei ya Jumatano au aache nafasi wazi. Nilimwambia aache nafasi wazi.